Kibao cha Mpiga Ishara

KAMATI YA UKUTA
BWENI LA WAFANYAKAZI WA UJENZI, JENGO LA NYUMA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA THELATHINI NA MOJA

Tarehe: Jumapili, 9 Machi
Mahali: Chumba cha kufulia nguo, kwa kuwa chumba cha kulia kilikuwa kinapigwa deki
Kuanza: Saa nane na robo mchana

Waliohudhuria:
Dereva wa Kreni – Mwenyekiti
Mfunga Nondo – Katibu
Fundi Rangi – Mjumbe, mwandikaji wa vibao
Mama Pasi – Mjumbe, mfuaji wa bweni
Mlinzi wa Geti – Mjumbe, mtunza muhuri

Wasiohudhuria:
Fundi Bomba – kwa udhuru, alikuwa zamu
Seremala – bila udhuru. Alionekana dirishani mwake akinyoa ndevu

Aliyealikwa:
Mpiga Ishara – alikaa kwenye benchi la korido, mlango ukiwa wazi, asikie bila kusema, kama ilivyo desturi


KUMB. NA. 1/31: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwashukuru wajumbe kwa kutoa Jumapili yao, siku ambayo kila mmoja angependa kuimaliza akiwa amelala. Aliomba mashine ya kufulia izimwe. Mama Pasi alisema haizimwi, kwa sababu mashuka ya ghorofa ya pili yalikuwa ndani na maji hayana ahadi. Ilikubaliwa wajumbe wapaze sauti.

Kwa kuwa kumbukumbu hizi hubandikwa mlangoni na wageni ndio wanaozisoma zaidi, Katibu aliagizwa aeleze tena Ukuta ni nini. Ukuta ni ule wa korido inayotoka chumba cha kulia kwenda mabombani. Umejaa vibao vya plaiwudi iliyobaki saiti, vilivyopakwa rangi nyeupe, na kila kibao kina maelezo mafupi ya mtu, mahali au neno la hapa petu. Sisi sote tumetoka mbali. Majengo tunayoyajenga yatapewa majina ya watu ambao hawajawahi kubeba ndoo ya zege, na hilo hatulilalamikii, ndivyo dunia ilivyo. Ila mgeni akifika hapa, akasikia wenzake wanasema maneno asiyoyajua na kuwataja watu asiowaona, husoma Ukuta, na haupiti muda mrefu naye amekuwa mwenyeji.

Mtu haandikwi mpaka awe anaondoka. Siku ya kuondoka hupewa nakala ya kibao chake kwenye karatasi yenye muhuri wa bweni, akaionyeshe kwao. Na hakuna anayesemewa na rafiki yake. Mtu husemewa na aliyegombana naye. Desturi hii ililetwa na Mwenyekiti mwenyewe, baada ya kibao cha nyapara wa zamani kuandikwa na rafiki yake wa kunywa naye, kikasema nyapara alikuwa mpole kama njiwa. Watu walicheka, na wakiisha kucheka kile wakaanza kucheka hata vibao vya kweli. Ndipo Kamati ikaamua kwamba sifa ikitoka kwa asiyekupenda, haihitaji kuapiwa.


KUMB. NA. 2/31: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA

Kumbukumbu za kikao cha thelathini zilisomwa. Mama Pasi alipinga mahali palipoandikwa kwamba "alipiga kelele". Alisema yeye hakupiga kelele, alisema kwa nguvu. Katibu aliuliza tofauti iko wapi.

"Mwanangu, anayepiga kelele ni yule asiye na hoja," alijibu Mama Pasi.

Ilirekebishwa. Kumbukumbu zilithibitishwa.


KUMB. NA. 3/31: NENO "SHEMEJI"

Fundi Rangi aliwasilisha neno hili, ambalo wageni wengi hulikosea. Hapa saiti, ukiambiwa "kamlishe Shemeji", usiende jikoni. Shemeji ni mashine kubwa ya kuchanganya zege.

Palitokea ubishi juu ya asili ya neno. Mlinzi wa Geti, ambaye ni wa siku nyingi kuliko sisi wote, alieleza kwamba mashine ilipoletwa dereva wake wa kwanza alikuwa shemeji yake nyapara, na hakuwa akijua hata swichi ilipo. Fundi Rangi alisema hiyo ni hadithi ya getini, na kwamba jina limetokana na tabia ya mashine yenyewe. Mama Pasi alisema yeye ana mashemeji wanne na hakuna anayekula kiasi hicho. Mlinzi alimwambia hajawahi kuwaalika wote kwa pamoja.

Ilikubaliwa asili zote mbili ziandikwe, kibao kisomeke hivi:

SHEMEJI (neno). Mashine kubwa ya kuchanganya zege. Wengine husema imeitwa hivyo kwa kuwa dereva wake wa kwanza alikuwa shemeji yake nyapara. Wengine husema ni kwa tabia: hula sana, hupiga kelele akiwa anakula, na haondoki mpaka amalize. Pamoja na hayo haijawahi kumwacha mtu njiani. Ghorofa zote za hapa saiti zimepita tumboni mwake.


KUMB. NA. 4/31: MAHALI "KWA HALO"

Katibu aliwasilisha kibao ambacho Fundi Rangi alikuwa ameshakiandika, kwa kuwa maneno yake yalipita kikao kilichopita na kilichobaki kilikuwa kukiangalia tu:

KWA HALO (mahali). Ngazi ya juu kabisa ya jengo la nyuma, chini ya tangi la maji. Bwenini ndipo pekee simu inaposhika bila kukatika. Paliitwa hivyo kwa sababu ukipita chini husikii kingine ila "halo, halo". Hapa watu wamesikia watoto wao wakizaliwa, wamepokea misiba, wameoza mabinti, wamewatuliza wake zao na kutulizwa. Anayelia hapa haulizwi. Anayengoja zamu hukaa kwenye kona ya chini na kutazama pembeni.

Wajumbe walikisifu. Mama Pasi alisema mwandishi wake angekuwa na cheti angekuwa mbali. Katibu, aliyeyatunga maneno hayo, alishukuru.

Mwenyekiti aliomba maneno "wameoza mabinti" yafutwe. Hakuna aliyemuuliza sababu, kwani inajulikana. Fundi Rangi alisema rangi imeshakauka. Mama Pasi alisema, kwa sauti ya chini, kwamba kila mtu ana lake pale, na akifuta lake atafuta na la mwenzake. Kibao kilipitishwa kama kilivyo. Mwenyekiti hakunyosha mkono. Alikuwa anatazama mashuka yakizunguka.


KUMB. NA. 5/31: KIBAO CHA MPIGA ISHARA

Katibu alieleza kwamba Mpiga Ishara anaondoka Alhamisi asubuhi na harudi. Magoti yamekataa. Kikao kijacho ni mwezi ujao, kwa hiyo kibao chake kisipopita leo, ataondoka bila karatasi.

Katibu alisoma ombi la Mpiga Ishara, ambalo alilisema kwa mdomo naye Katibu akaliandika neno kwa neno:

"Nyumbani wanajua niko mbali nimekwenda kujenga. Wakiniuliza nimejenga nini, nitasema sijashika tofali hata moja. Wakiniuliza sasa ulikuwa unafanya nini miaka yote hiyo, nitasema nilikuwa nasimama napunga mikono. Baba mkwe wangu tayari amewaambia watu mkwewe analipwa kwa kufukuza nzi. Mke wangu hacheki, lakini na yeye haelewi, na mimi kwenye simu nimeshindwa kumweleza. Siombi kusifiwa. Naomba iandikwe kazi ile ni nini, na kwamba niliifanya sawasawa. Na kama kitaandikwa na rafiki, kiacheni. Marafiki wa kunidanganyia ninao huko nyumbani wa kutosha."

Baada ya ombi kusomwa, Mlinzi aliuliza ni nani amegombana na Mpiga Ishara. Wajumbe walitazama chini. Mwenyekiti alisema kipindi hiki cha mwaka kazi ni nyingi na akapendekeza ajenda iahirishwe hadi mwezi ujao.

"Mwezi ujao atakuwa kwao anafukuza nzi," alisema Mama Pasi.

Hapa Katibu analazimika kuwaeleza wageni jambo ambalo wenyeji wanalijua. Dereva wa Kreni na Mpiga Ishara walikuja pamoja, walilala chumba kimoja na walikula sahani moja. Siku moja, miaka sita iliyopita, vioo vikubwa vya ghorofa ya saba vilikuwa vinapandishwa. Siku hiyo hiyo binti yake Dereva alikuwa anaolewa huko nyumbani, na walikuwa wamepanga kumpigia baba saa ya chakula cha mchana, simu iwekwe kwenye spika, watu wote wamsikie akimpa mwanawe baraka. Simu haziruhusiwi kwenye kibanda cha kreni, hivyo simu yake aliiacha kwa mwenzake kama kila siku. Kioo cha mwisho kikiwa hewani, Mpiga Ishara alipiga ishara ya kusimamisha, akasema kuna upepo. Mzigo ukining'inia dereva hashuki. Kioo kilikaa hewani saa nzima ya chakula na zaidi. Dereva aliposhuka, mwenzake alimrudishia simu bila neno, na harusi ilikuwa imekwisha. Dereva alisema upepo ule ulikuwa mdogo. Mpiga Ishara alisema ulikuwa mkubwa. Tangu hapo hawajaongea. Mmoja alihamia chumba kingine. Kazi waliendelea nayo kila siku, huyu juu na huyu chini, kwa ishara tu, maana kazi haisubiri mtu anune amalize.

Katibu alipoyasoma maelezo hayo kwa sauti, Mwenyekiti alisema kwamba ameonewa, kwa sababu yeye hana ugomvi na mtu. "Mimi sigombani naye. Siongei naye tu."

Mama Pasi alimwambia, "Basi baba, huyo hapo koridoni. Toka umsalimie, sisi tumtafutie mgomvi mwingine."

Mwenyekiti alijibu kwamba anaongoza kikao na hawezi kuacha kiti.

Ili kuokoa muda, wajumbe walijaribu kutafuta ugomvi mwingine. Mlinzi wa Geti alisema aliwahi kununiana na Mpiga Ishara kwa ajili ya mwavuli. Mwenyekiti aliuliza walinuniana muda gani. Mlinzi alifikiri, akasema mpaka chai ilipoiva. Ugomvi huo ulikataliwa. Fundi Rangi alisema Mpiga Ishara aliwahi kumkanyagia ukuta mbichi. Aliulizwa alimfanya nini. Alisema hakumfanya kitu, kwa sababu Mpiga Ishara alirudi na brashi akaupaka tena, na akaupaka vizuri. Mama Pasi alisema hiyo ni sifa, si ugomvi, na kwamba kwa upande wake yeye amemtafutia ubaya mtu huyo tangu juzi hajaupata, maana hata soksi zake huleta zimegeuzwa ndani nje kama anavyotakiwa kila mtu na hakuna anayefanya.

Katibu alipendekeza desturi ilegezwe mara moja hii. Mlinzi alikumbusha kwamba mwenye ombi mwenyewe amekataa cha rafiki. Kutoka koridoni lilisikika benchi likilia, kama la mtu anayetaka kunyanyuka. Mama Pasi aliinuka akasimama mlangoni, akamwashiria akae.

Mashine ya kufulia ilianza kukamua.

Mwenyekiti aliomba Mlinzi akalie kiti kwa niaba yake. Alisimama, akavua kofia, akaishika. Alimwambia Katibu aandike, na asimpambe.

"Kwanza andika kwamba simpendi."

Katibu aliandika.

"Andika kwamba upepo wa siku ile ulikuwa mdogo. Mimi nilikuwa juu. Ningejua."

Mama Pasi alisema hilo halimo kwenye ajenda. Mwenyekiti alisema ni sehemu ya ushahidi, na liliandikwa.

Kisha alieleza kwamba watu hudhani dereva wa kreni huona kila kitu kwa kuwa yuko juu. Alisema anachokiona ni mapaa. "Mzigo ukishapita nyuma ya ukuta, mimi ni kipofu aliyeshika kamba, na kwenye ncha ya kamba kuna kitu kinachoweza kuua watu. Kuanzia hapo nina mikono ya mtu mmoja tu, huko chini, midogo kama njiti za kiberiti. Ikisema shusha, nashusha. Ikisema taratibu, nashusha taratibu. Sijawahi kumtii mtu hivyo. Hata baba yangu. Mke wangu ndiyo kabisa, na asisikie."

Alieleza kwamba wapo wapiga ishara wanaosimama mbali, wakipunga kama wanaoaga basi. "Huyu husimama pale anapouona mzigo na mimi nikamwona yeye. Si chini yake, kwa sababu si mjinga. Lakini ni upande ule ambao mzigo ukiyumba utamfuata. Nikikosea, namkosea yeye kwanza. Hakuna aliyemtuma asimame pale. Nilikuwa namwona, nikawa naendesha kama nimebeba mayai ya mama yangu."

Mlinzi, akiwa kitini, aliuliza kama hayo ndiyo yote. Mwenyekiti alisema bado, na kwamba lililobaki ndilo hasa, na hajawahi kulisema.

"Kesho yake baada ya ule ugomvi, nilipanda na hasira zangu. Nikasema leo nitauona mkono wake. Mtu akikununia unajua, hata akikumiminia chai unajua, birika lenyewe linakutukana. Nikangoja ule mkono uninunie. Unicheleweshe. Unikatishe katikati. Uniite kama anavyoitwa mbwa. Ningeupata, ningekwenda kwa nyapara nikamwambia huyu mtu hafai, na angeondolewa. Nikauangalia kutwa nzima. Mkono ulikuwa ule ule. Siku iliyofuata, ule ule. Miaka sita, ule ule! Ugomvi aliuacha mahali, sijui wapi, hakuwahi kuupandisha mkononi. Ningekuwa mimi, ningeutikisa. Na mimi si mtu mbaya."

Mama Pasi alisema si mtu mbaya. Mwenyekiti alimwomba asimkatize.

"Vile vioo viko mahali pake. Vyote. Hakuna hata kimoja chenye ufa. Jioni jua likivipiga, watu barabarani wanasimama wanavipiga picha. Wanaipiga picha mikono yake, hawajui tu. Nimemaliza. Na andika tena mwishoni, bado simpendi."

Katibu aliandika. Fundi Rangi alikuwa anafuta macho, akasema ni sabuni ya unga.

Mjadala wa maneno ya kibao ulifuata. Fundi Rangi alipendekeza aitwe shujaa. Mwenyekiti, akiwa sasa mjumbe wa kawaida, alikataa, akasema shujaa ni neno la kumpa mtu aliyefanya jambo siku moja, na huyu alifanya kila siku. Alitaka iongezwe kwamba upepo ulikuwa mdogo. Ilipigiwa kura akashindwa, kura moja kwa tatu. Kibao kilipitishwa hivi:

MPIGA ISHARA (mtu, na kazi yake). Ni macho ya kreni. Dereva aliye juu haoni kilicho nyuma ya ukuta. Mpiga ishara husimama mahali anapouona mzigo naye akaonekana, na kwa mikono yake mzigo hupanda, hushuka, huzunguka au husimama. Akikosea, mtu hufa. Huyu alifanya kazi hiyo hapa tangu msingi hadi paa. Kila nondo, kila pipa la zege na kila kioo cha jengo la saiti kiliongozwa na mikono yake bila kukigusa, na hakuna aliyeumia. Mkono wake ulikuwa mmoja kwa rafiki na kwa asiye rafiki. Amesemewa na Dereva wa Kreni, ambaye hampendi.

Ilikubaliwa Fundi Rangi akiandike kabla ya Jumatano. Katibu aandae nakala, Mlinzi aigonge muhuri. Mama Pasi alijitolea kuipiga pasi kwanza, kwa kuwa karatasi za Katibu siku zote zina mikunjo.


KUMB. NA. 6/31: MPIGA ISHARA KUITWA NDANI

Kibao kikishapita, mwandikwa huitwa ndani na kuulizwa kama kuna kosa. Mpiga Ishara aliingia. Alipewa karatasi, akaisoma taratibu huku midomo ikienda. Aliirudia mara ya pili. Alipofika mwisho aliikunja kwa uangalifu, akaikunjua tena, akasema baba mkwe wake hajui kusoma lakini atasomewa mbele ya watu.

Mlinzi aliuliza kama kuna kosa. Alijibu kwamba kwenye kibao hakuna. Kosa liko kwenye kumbukumbu, pale palipoandikwa upepo ulikuwa mdogo.

"Ulikuwa mkubwa," alisema.

"Ulikuwa mdogo," alisema Mwenyekiti.

Katibu anaweka kumbukumbu kwamba haya ndiyo maneno ya kwanza kati ya hawa wawili kwa miaka sita.

"Wewe ulikuwa umekaa kwenye kibanda chenye vioo. Mimi kofia yangu iliruka mpaka kwa wachomeleaji."

"Hukuifunga."

"Niliifunga."

"Binti yangu aliolewa bila kusikia sauti yangu."

"Najua," alisema Mpiga Ishara. "Simu ilikuwa mfukoni mwangu, hapa kifuani. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Nilijua ni nani. Na mikono ilikuwa juu. Ningeishusha hata kidogo kuichukua, ungedhani nimesema shusha, na kulikuwa na vijana watatu ukutani wanashikilia kamba za kile kioo. Nikaiacha ilie."

Mwenyekiti aliuliza, "Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa huongei na mimi."

Fundi Rangi alianza kucheka, Mama Pasi akamfinya. Mwenyekiti alimtazama Mpiga Ishara kwa muda mrefu. Alisema miaka sita mtu anakaa na jambo kama hilo kifuani, huo ni ukaidi wa punda. Mpiga Ishara alisema punda hawezi kukaa chumba kimoja na mtu anayekoroma kama Shemeji, na yeye aliweza. Mwenyekiti alisema hakoromi. Mpiga Ishara alisema waulizwe wa chumba cha pili. Mwenyekiti alisema hata hivyo upepo ulikuwa mdogo, na kwamba atamwonyesha, watoke nje wasimame pale pale, amwonyeshe bendera ilikokuwa na ilivyokuwa imelala. Walitoka. Mpiga Ishara alisikika koridoni akisema bendera ile ilikuwa imeloa ndiyo maana ililala.

Mama Pasi alitaka kuwaita, kwa kuwa kikao hakijafungwa na Mwenyekiti amekwenda nacho. Mlinzi alimzuia.


KUMB. NA. 7/31: MENGINEYO NA KUFUNGA

Hapakuwa na mengineyo. Mlinzi wa Geti, akikalia kiti, alingoja kidogo kama Mwenyekiti atarudi. Hakurudi. Kikao kilifungwa saa tisa na dakika arobaini. Wajumbe walimsaidia Mama Pasi kuanika mashuka.


MWENYEKITI: (sahihi) Dereva wa Kreni
Sahihi imepatikana Jumatatu asubuhi. Jumapili jioni alitafutwa akakutwa uani, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa hewani akieleza mwelekeo wa upepo, na Mpiga Ishara alikuwa anamwambia hiyo si ishara, hiyo ni kufukuza nzi.

KATIBU: (sahihi) Mfunga Nondo